Nililima Ziwa

Niseme mapema: siku nilipopanda ngalawa kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikupanda kwa kupenda maji. Maji siyapendi. Nimezaliwa Mungaa, kwenye mtama na ng'ombe, na maji niliyokua nayo ni ya kuchota, ya kuchemsha na ya kuombea yanyeshe. Nilipanda kwa wivu. Wivu ule ulinishika tangu Oktoba, na kufikia Desemba nilikuwa nakula nao na kulala nao.

Chanzo kilikuwa video. Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la saba, akaenda kwa baba yake Singida mjini kupumzika hadi kidato cha kwanza kianze. Mimi na baba yake tuliachana mtoto akiwa hajaanza hata chekechea. Nikahamia Mkiwa, pale njia panda, ambako nauza kuku, mayai ya kuchemsha na asali kwa wasafiri, na pale ndipo nilipomlea. Baba yake ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana kama mvua za kwetu. Baadaye alioa mwanamke kutoka Pangani, wakapanga nyumba karibu na ziwa Singidani. Kwa binti yangu mwanamke huyo ni mama mdogo, na mimi sikuwa na neno naye. Nilikuwa nimemwona mara moja tu msibani, nikamwona mwembamba na mpole, nikaendelea na shughuli zangu.

Sasa ikaja hiyo video kwenye simu. Mwanangu amekaa mbele ya mtumbwi mrefu mwembamba. Miti miwili imeukatisha mtumbwi kwa juu, na kwenye ncha za ile miti zimefungwa mbao mbili, moja huku na moja kule, zinaelea ubavuni ili chombo kisipinduke. Nyuma amekaa mama mdogo wake. Kila mmoja ameshika kafi, wanayazamisha pamoja na kuyatoa pamoja, na mwanangu anacheka mdomo wazi, meno yote nje. Kwetu Mkiwa alikuwa ameacha kucheka hivyo tangu alipoanza kuona haya ya usichana. Nilidhani ni umri. Kumbe kicheko kilikuwepo, kilihama tu.

Hilo ningelimeza. Lakini kabla video haijaisha, sauti ya mtu aliyekuwa anapiga picha inaita, "Mama Fulani! Mama Fulani, geukeni huku!" Yule mwanamke anainua kafi juu na kuitikia, "Abee!"

Jina la mwanangu sitaliandika, ndiyo maana nimeweka Fulani, lakini aelewe anayesoma: aliitwa Mama wa mwanangu. Jina langu! Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kanisani. Mtoto wa kwanza ndiye anayemvika jina, na kwa jina hilo anaitwa sokoni, kwenye vikao, hata siku ya kuzikwa kwake. Mkiwa nzima hakuna anayejua niliitwaje kabla ya yule mtoto. Huyu wa Pangani alikuwa hajajaliwa mtoto, na watu wa mtaani kwake wanaona haya kumwita mke wa mtu kwa jina lake tupu. Basi wakaangalia ndani ya ile nyumba, wakakuta mtoto amekuja likizo, wakachukua jina la huyo. Ndivyo watu walivyo, hawana nia mbaya. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyo wa Pangani hakuwepo nilipojifungua.

Niliitazama video ile mpaka jirani yangu muuza vitunguu akaninyang'anya simu. Akaitazama naye, akasema, "Mbona mtoto amenawiri? Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mshukuru mwenzako." Nikamwambia akae na vitunguu vyake. Hatukusalimiana hadi Jumapili.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa, si wivu mtupu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba yake alikuwa ameshatuma watu Mungaa kusema kwamba sasa binti amekua, sekondari za mjini ni nzuri, akae kwake. Kaka zangu wakabisha. Mwisho kikao kikakubaliana kwamba mtoto atasema mwenyewe kabla shule hazijafunguliwa: atakaa Mkiwa kwangu au mjini kwa baba yake. Na kwa kuwa baba yake yuko njiani wiki baada ya wiki, kusema mjini kwa baba yake ilikuwa ni kusema kwa yule mwanamke. Sikuwa nashindana na mtalaka wangu. Nilikuwa nashindana na ngalawa.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Desemba nilifunga miguu ya jogoo, nikaweka chupa ya asali kwenye mkoba, nikapanda basi kwenda kulisikia jibu langu.

Alinipokea mlangoni yule mwanamke mwenyewe. "Shikamoo dada," akasema, na akapiga goti kidogo kama wanavyofanya watu wa kwao. Nikajibu marahaba, na ile marahaba ikanizeesha hapo hapo. Nyumba ilikuwa imefagiwa mpaka uani. Kulikuwa na harufu ya wali wa nazi, Singida, ambako nazi inafika kwa basi ikiwa imechoka kuliko abiria. Nikamwita mwanangu kwa sauti kubwa, nijulikane nimefika.

"Bee, mama!"

Bee! Kwetu Mkiwa huwa anaitika "Nini?" mpaka nimkemee. Miaka yote nimemfundisha kuitika kwa adabu, hakushika. Amekaa hapa miezi michache, ameshika. Akatoka mbio, akanisalimia, akanikumbatia, na nilipomshika mikono niliikuta migumu, imekaza hadi mabegani. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari midogo midogo iliyonyooka. Nikamwuliza nani kamsuka, na jibu nilikuwa nalijua.

Tukala. Wali ulikuwa mtamu na jambo hilo nalo liliniuma. Baba yake hakuwepo, lori lilikuwa njia ya Kahama. Nilipomaliza kunawa nikasema, mbele ya mwenzangu, makusudi, "Haya mama, likizo inaisha. Wajomba zako wanasubiri neno lako. Umeamuaje?"

Mtoto akamtazama mama mdogo wake kwanza. Kisha akanitazama mimi. "Mama, twende kwanza ziwani. Nataka upande. Tukirudi ndiyo nitasema."

"Mimi? Kwenye maji?"

"Dada hatapenda," yule mwanamke akasema taratibu, anakusanya sahani. "Upepo huku ni mwingi, na yeye hajazoea."

Alisema kwa wema, naapa alisema kwa wema. Lakini kwa mtu mwenye wivu hakuna tusi kubwa kama wema wa anayemwonea wivu. Nikasimama, nikafunga kanga kiunoni. "Nani kasema sitapenda? Twendeni."

Ngalawa ile ilikuwa na historia yake, mwanangu akanisimulia njiani. Kaka wa mama mdogo alikuja kutembea kutoka Pangani, akakuta dada yake anakaa kando ya maji makubwa namna ile na hana chombo, akaona aibu. Akapata mtumbwi wa kawaida wa wavuvi wa pale, akachonga mbao, akakatisha miti, akafunga kamba. Wavuvi wakaja kutazama. Mmoja wao akasema mtumbwi umevunjika miguu ndiyo maana umepewa magongo, na tangu hapo wote wanauita Magongo. Binti yangu alikuwa anasimulia huku anamalizia sentensi za mama mdogo wake, na mama mdogo wake anamalizia za kwake. Mimi nilitembea nyuma na viatu mkononi.

Ziwani kulikuwa na watu: wavuvi wanakunja nyavu, wanawake wanaparua perege juu ya mawe makubwa, wengine wanafua. Upepo ulikuwepo kweli. Nikavalishwa jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa iliyopauka, likagoma kufunga kifuani. Mwanangu akapanda mbele. Mimi nikawekwa katikati. Yule mwanamke akasukuma ngalawa, akaruka ndani nyuma yetu bila hata kuitikisa, na ghafla ardhi ikawa haipo.

Mwanangu akageuza shingo. "Mama, sikiliza. Wewe usiangalie maji. Niangalie mimi bega. Likishuka langu na lako lishuke. Aliye mbele ndiye anayeweka mwendo, aliye nyuma ndiye anayeelekeza. Wa katikati kazi yake kusukuma tu."

Wa katikati kusukuma tu. Nikashika kafi.

Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo linasimuliwa ziwani hadi leo. Mtu wa Mungaa akipewa kitu chenye mpini mrefu na ubapa mwishoni, mikono yake haimwulizi chochote. Nililiinua lile kafi juu ya kichwa, nikalishusha kwa nguvu, nikalivuta kuelekea miguuni mwangu. Nililima. Nilikuwa nimetoka kulima robo eka ya alizeti wiki ile ile, mwili ulikuwa na joto la jembe. Maji yakaruka, yakatulowesha wote watatu, na maji ya Singidani yana chumvi, yakaingia machoni. Nikainua tena, nikalima tena. Ngalawa ikapinda kushoto, ikasimama.

Watu wa ufukweni wakaacha kazi zao. Mvuvi mmoja, Mnyiramba kwa lafudhi yake, akapaza sauti, "Mwacheni Mnyaturu alime! Mwaka huu mvua zimechelewa!"

Wao na sisi ni watani, na utani haukimbiwi. Nikamjibu huku macho yananiwasha, "Na wewe Mnyiramba lete mbegu, usisimame hapo kama ndege wa kwenye mtama!" Wakacheka hadi wa mbali, na mimi mwenyewe nikacheka. Kwa dakika ile nilifurahi kweli. Halafu nikasikia vicheko viwili, cha mbele yangu na cha nyuma yangu, vinapanda pamoja na kukatika pamoja, kicheko kimoja chenye midomo miwili, na mimi niko katikati yake. Furaha ikaniishia.

"Mama, usilichimbe," mwanangu akasema. "Litie mbele, lilaze, halafu ulisindikize."

Ulisindikize! Hilo si neno la Mkiwa. Kila alichonifundisha kilikuwa na sauti ya mwingine ndani yake. Nikaamua kuongea Kinyaturu. Nilijua yule wa nyuma hakijui, na nilitaka tubaki wawili, mimi na damu yangu, ndani ya lugha ambayo hana nafasi. Nikamwambia mwanangu kwa Kinyaturu kwamba tangu lini yai likamfundisha kuku, na kwamba akifika nyumbani tutaongea vizuri. Kisha akageuka, akapitisha macho juu ya bega langu, akasema kwa Kiswahili, "Mama mdogo, mama anasema mikono inamuuma, twende polepole."

Alinitafsiri vibaya ili kunistahi. Mtoto wangu alikuwa ananifichia aibu mbele ya mwanamke mwingine. Nikaangalia bega.

Bega lilishuka, nikashusha. Likapanda, nikapandisha. Nilipoacha kufikiri, kafi likaingia majini bila kelele na ngalawa ikasogea, nikaisikia inateleza chini ya makalio yangu. Ni raha, siwezi kuificha. Zile mbao za kando zilikuwa zinagusa maji kwa zamu, huku, kule, na mgongo wa mwanangu ulikuwa mbele yangu, mifupa miwili ya mabega inafunguka na kufunga. Nikatambua kitu kilichonikata maini: huu mgongo yule mwanamke anautazama kila jioni. Nimeubeba, nimeuogesha, nimeupaka mafuta, na mwenzangu ndiye amekaa akautazama ukikua.

Tulizunguka hadi kwenye mwamba mmoja mkubwa wa ukingoni, ambako kuna mama anauza samaki. Kabla hatujafunga kamba, yule mama akaita, "Mama Fulani! Perege wako hawa, nimekuwekea!"

Nikaitika kabla sijawaza. "Abee!"

Muuza samaki akanitazama jaketi na kanga iliyolowa. "Si wewe, mama," akasema. "Namwita mwenyewe."

Nakumbuka yule wa Pangani alisimama ndani ya ngalawa, upesi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote pale, "Mwenyewe ndiye huyu. Huyu ndiye aliyemzaa. Mimi mniite jina langu, nimewaambia mara nyingi." Na akataja jina lake.

Mtu mwingine angemshukuru. Mimi nilikasirika zaidi. Alikuwa ananirudishia kitu changu kwa mkono wake, mbele za watu, na kunirudishia maana yake alikuwa nacho.

Akashuka na kikapu. "Nendeni wenyewe, dada. Mimi nina samaki wa kuparua. Yeye anajua kuelekeza." Mwanangu akahamia nyuma, mimi nikasogea mbele, na tukaondoka wawili. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na sasa sikuweza kumwona. Aliye mbele hana wa kumtazama isipokuwa maji.

Upepo ulikuja tukiwa tumeshafika mbali na mwamba. Singida upepo ni jirani wa kila siku, unang'oa mabati na hatuna habari nao, lakini sikuwahi kukutana nao mahali pasipo na kitu cha kushika. Maji yakaanza kusimama. Ngalawa ikageuzwa ubavu, ubao wa kulia ukazama, wa kushoto ukanyanyuka hewani na kuanza kudondosha matone. Hofu ikanirudisha kwenye jembe. Nikalima, nikalima, na kila nilipolima tulizidi kuzunguka.

"Mama!" mwanangu akalia nyuma yangu. "Mama!"

Nikageuka mzima mzima. "Niko hapa! Niko hapa mwanangu!"

Hakuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa yamenipita, yako kwenye mwamba. Nikafuata macho yake. Yule mwanamke alikuwa amesimama kwenye ukingo kabisa, kisu cha samaki mkononi, na kwa umbali ule niliona anafungua mdomo kutaka kupiga kelele. Kisha aliniona nimegeuka. Akafunga mdomo. Akatupa mgongo, akakaa chini, akainamia samaki wake.

Mwanangu akasubiri kidogo ageuke. Hakugeuka. Ndipo macho ya mtoto yakaniangukia mimi, yamejaa machozi, na mimi katika ujinga wangu wote wa maji sikuwa na la kumpa. Nikamwambia, "Mimi sijui kitu hapa. Wewe ndiye unayejua. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Akapangusa uso kwa bega. "Usigeuke nyuma. Piga kulia tu. Nikisema tia, tia. Nikisema acha, acha."

"Haya."

"Tia."

Nikatia.

Sijawahi kumtii mtu namna ile, si mume, si padri. Tia, acha, tia, tia, acha. Ngalawa ikaanza kugeuza kichwa, ubao wa kushoto ukashuka ukagusa maji, na polepole tukawa tunaulekea ufukwe. Mikono ilikuwa imechubuka na chumvi inaingia kwenye michubuko, na moyoni nilikuwa naimba. Sote wawili tumeiokoa, nikawaza. Amelia, lakini aliyemjibu ni mimi. Yule mwenzangu alikaa na samaki wake akatupa mgongo, na mtoto ameona. Nilishuka kwenye mchanga nikijua nimeshinda, na asiyekubali kushindwa si mshindani, basi na yeye akubali.

Tukakaa kwenye jiwe lenye joto. Chumvi ilikuwa imeanza kukauka mikononi mwetu, nyeupe. Nikamfunika kanga, nikamwuliza kwa upole wa mshindi, "Sasa niambie, mama. Umeamuaje?"

Akachezea kamba ya jaketi. "Nataka kukaa hapa," akasema.

Nikaiachia kanga niliyokuwa namfunika.

"Lakini nitaenda na wewe," akaongeza. "Mama mdogo kasema niende na wewe. Kasema tangu juzi. Kasema wewe huna mwingine, yeye ana baba. Nilimkatalia, akasema nikikataa hatanipandisha tena ngalawa."

Niliinuka, nikamwacha pale kwenye jiwe, nikatembea hadi kwenye ule mwamba na maji yananidondoka. Nilikuwa nimejaa maneno. Nilitaka kumwuliza nani kamwomba huruma, tangu lini mtu akapewa mwanawe kama mabaki ya chakula cha sikukuu. Nikamkuta amekaa vilevile, ameupa ziwa mgongo. Perege wote walikuwa wameshaparuliwa, na bado alikuwa anamparua mmoja ambaye hakuwa na gamba hata moja.

"Wewe," nikamwambia. "Nani amekutuma umwambie mtoto vile?"

Hakuinua uso. "Dada, usiniulize. Mchukue leo. Kesho sitaweza."

Ningeweza kusema abaki. Ilikuwa sentensi fupi, na wote watatu tungelala vizuri usiku ule, pengine hata mimi. Ningesema abaki mjini asome, likizo aje kwangu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikamtazama yule mwanamke, mikono yake yenye damu ya samaki, na nikamwonea wivu kuliko siku zote nilizowahi kumwonea, kuliko siku ya video, kuliko kile kicheko. Aliweza kumwacha. Mimi sikuweza, na nilimzaa mimi.

"Basi nitamchukua," nikasema.

Tuliporudi nyumbani, yule mwanamke akamfungia nguo zake mwenyewe, amezikunja moja moja. Akamwekea perege wa kukaanga kwenye bakuli la plastiki na juu yake akafunika karatasi. Mlangoni akamshika kichwa, akapitisha vidole kwenye zile nywele alizozisuka, akamwambia awe ananiitika vizuri. Mwanangu akasema, "Bee," na hapo ndipo wote wawili walipolia. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje kutafuta bajaji.

Barabara ya kutoka pale kwenda stendi inakwenda kando ya ziwa kwa muda kabla haijaingia mjini. Mwanangu alipanda wa kwanza, akakaa upande wa maji. Ngalawa ilikuwa imevutwa mchangani na ilionekana vizuri. Nikamwambia asogee huku, tubadilishane, upande ule una upepo. Hakubisha. Akanipisha, akainamisha uso. Nikakaa mimi, nikalitazama ziwa mpaka likaisha.